Laki Mbili za Leo

Hoja iliyo mezani ni hii. Mtunzi wa nyimbo hana lebo, hana meneja, na jina lake halijavuka mtaa wake. Msanii mkubwa amesikia wimbo wake studio, ameupenda, na anatoa shilingi laki mbili taslimu. Mtunzi apokee aondoke, au agome mpaka aandikiwe fungu katika mapato ya wimbo?

Nimewaketisha watu watano. Ni wa kubuni, msiwatafute; lakini wanayoyasema husemwa kila wiki kwenye studio za Sinza na Kinondoni, na kwenye vibanda vya Tandale ambako singeli hutengenezwa kwa kompyuta moja na spika zilizochoka. Mtunzi ni kijana wa Mbagala. Prodyuza ana studio ya chumba kimoja. Meneja anasimamia msanii mwenye jina. Wakili ni dada anayeshughulika na kesi za hakimiliki. Wa tano ni Bi Mkubwa, mzaliwa wa Unguja, aliyeimba taarabu miaka mingi na sasa anakaa Temeke kwa mwanawe. Mimi nilijipa kazi ya kuongoza tu, ingawa mtaona sikuweza kukaa kimya.

MTUNZI: Naanza mimi kwa kuwa njaa ni yangu. Kodi ya chumba haisubiri mrabaha. Nikipewa laki mbili leo, napokea. Kwenye simu yangu nimejirekodi nyimbo nyingi. Nikiuza moja, nyingine zipo. Tena ukipendwa, watu wa studio watajua nani kautunga. Kesho wataniita wenyewe.

BI MKUBWA: Watajuaje, mwanangu, na wewe hukuandikwa?

MTUNZI: Watu wanaongea, mama.

BI MKUBWA: Wanaongea mpaka pesa ionekane. Ikishaonekana kila mtu kautunga yeye.

PRODYUZA: Shikamoo, mama. Kwa heshima yako, mimi naungana na dogo. Watunzi wengi siku hizi wamesikia neno asilimia, wanakuja studio wanadai thelathini, arobaini. Asilimia ya nini? Akaunti ya Boomplay si yako. Chaneli ya YouTube si yako. Hesabu huzioni. Na tangu 2024 Spotify hailipi chochote kwa rekodi ambayo haijafikisha mara 1,000 za kusikilizwa ndani ya miezi 12. Nyimbo ngapi za mtaani kwetu zinafika hapo? Dogo akikataa laki mbili atabaki na asilimia thelathini ya hewa.

WAKILI: Kaka, hapo umesema jambo la kweli na jambo la kupotosha kwa pumzi moja. Naomba niyatenganishe. Ndani ya kile mnachokiita wimbo kuna mali mbili. Kuna utunzi, yaani maneno na melodia. Halafu kuna rekodi, ile sauti iliyopikwa studio. Mtunzi ndiye mwenye utunzi tangu siku alipouandika au kujirekodi kwenye simu, hata kama hajausajili popote. Tanzania iko kwenye Mkataba wa Berne tangu 1994, na msingi wa mkataba huo ni kwamba haki haisubiri usajili. Usajili unakusaidia kuthibitisha tu. Rekodi kwa kawaida ni ya aliyeigharamia. Sasa programu za kusambaza muziki, DistroKid na wenzake, zinakusanya hela ya rekodi. Hela ya utunzi inapita mlango mwingine: vyama vya kukusanya mirabaha, au wachapishaji wa muziki, ambao huku kwetu ni wachache.

MTUNZI: Kwa hiyo hata nikiandikwa kuwa mtunzi, ile hela ya rekodi sitaigusa?

WAKILI: Hutaigusa mpaka mkubaliane uiguse. Na hapo ndipo watunzi wengi wanapopigwa bila hata mtu kuwadanganya. Wanaandikiwa asilimia hamsini ya utunzi, wanafurahi, wanasubiri. Upande wa utunzi unakusanywa kwa shida, kwa hiyo hakiji kitu. Wanaamini wameibiwa, kumbe walipewa fungu kwenye mlango ambao hauna mtu.

PRODYUZA: Si ndiyo hewa niliyoisema!

WAKILI: Ni hewa kwa anayedai mlango mmoja. Hizo programu zina sehemu ya kugawa malipo. Mwenye akaunti anaingiza barua pepe ya mshirika na asilimia yake, na mshirika analipwa moja kwa moja bila kumngoja staa. Basi mtunzi aseme: utunzi ni wangu, na kwenye rekodi naomba hata kumi. Kumi inayoonekana inazidi hamsini ya kusimuliwa.

Sehemu hii ya mazungumzo ningependa kila kijana anayetunga airudie kabla hajaingia studio. Mafunzo mengi ya biashara ya muziki yanayozunguka mitandaoni yameandikwa kwa ajili ya Marekani au Uingereza, ambako milango yote miwili ina watu. Mtunzi wa London akiambiwa alinde utunzi wake kuliko rekodi, ushauri huo una mantiki kwake. Mtunzi wa Mbagala akiufuata kama ulivyo, atalinda mlango ambao haupitishi hela.

MENEJA: Naona mnanizunguka mimi. Hebu niseme upande wangu. Msanii wangu akichukua wimbo, nalipa studio, nalipa video, nalipa wachezaji, nguo, watu wa kusukuma wimbo mitandaoni, nazunguka redio. Nyimbo kumi zikitoka, moja inakimbia, tisa zinakufa. Yule mtunzi wa zile tisa, ulishamwona akinirudishia laki mbili zake? Analala na hela yake, nabaki na deni. Halafu ile moja ikikimbia ndipo anakumbuka asilimia. Mtu akitaka fungu la faida, abebe na fungu la hasara.

BI MKUBWA: Hapo umenena, baba. Simpingi.

MTUNZI: Mama, umehamia kwao?

BI MKUBWA: Sijahama. Mtu akisema kweli husikizwa. Lakini nikuulize, wewe meneja. Mtu ana mwembe uani. Unamnunua embe au unamnunua mwembe? Hizo laki mbili zako ni bei ya embe. Karatasi mnayowapa kutia saini ni ya mwembe.

MENEJA: Karatasi gani, bi mkubwa? Mara nyingi hata karatasi hakuna. Wengi tunamalizana kwa mdomo, hela inatumwa kwa simu, basi.

WAKILI: Na kama hakuna karatasi, ulinunua nini? Mali ya aina hii huhamishwa kwa maandishi yaliyotiwa saini. Ulichonacho ni ruhusa ya mdomo ya kuimba wimbo wa mtu. Siku mtunzi akija na rekodi ya simu yenye tarehe, na ujumbe wa WhatsApp unaosema "bro ule wimbo wako nimeukubali," wewe ndiye utakayejieleza. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaupa ujumbe wa namna hiyo nafasi mahakamani.

PRODYUZA: Dada, mtunzi gani wa Mbagala atakwenda mahakamani?

WAKILI: Wanamuziki Mwana FA na AY walikwenda. Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliiamuru kampuni ya simu ya Tigo iwalipe zaidi ya shilingi bilioni mbili kwa nyimbo zao mbili zilizotumika kama miito ya simu. Kampuni ikakata rufaa na shauri likapanda ngazi. Kushinda na kushindwa tuwaachie majaji. Ninachotaka muone ni kwamba waliingia mahakamani kama wenye nyimbo. Aliyeuza kila kitu kwa laki mbili hana pa kusimama hata akiwa na mawakili kumi.

MENEJA: Wale walikuwa mastaa tayari.

WAKILI: Kweli. Ndiyo maana namwambia kijana ajiandae kabla hajawa staa.

Nikamwomba Bi Mkubwa aseme habari za zamani, kwa sababu vijana hudhani tatizo hili limeletwa na intaneti.

BI MKUBWA: Zamani hakukuwa na mambo ya kusainiwa. Ulikuwa na bendi, na bendi ilikuwa na mwenyewe. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ya umoja wa vijana. Mlimani Park ilikuja kuwa ya DDC, shirika la jiji. Gitaa la shirika, tarumbeta la shirika, wewe mwanamuziki unalipwa mshahara. Mkenda kurekodi Radio Tanzania, ngoma ikawekwa maktaba, nchi nzima ikaisikia. Mshahara ulikuwepo, nao ulikuwa na heshima yake, siutukani. Lakini siku ukizeeka, sauti ikakatika, wimbo ulikuwa bado unapigwa na wewe huna lako. Na kwetu taarabu? Mshairi huandika, akampa mwimbaji, watu wakamtunza mwimbaji pale jukwaani. Mshairi yuko nyuma, pengine hata jina hataki litajwe kwa sababu shairi limemchoma jirani. Sisi wenyewe tulilifuga hili jambo, mwanangu. Halikuja na simu.

MIMI: Na "Malaika"?

BI MKUBWA: Eeh, huo ndio wa kumfundishia mtoto.

Habari ya "Malaika" inajulikana kijuujuu, nayo inastahili kuelezwa taratibu. Fadhili William aliurekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960, na jina lake ndilo lililofika kwenye karatasi. Kisha ukaimbwa na Miriam Makeba, na Harry Belafonte, na Boney M, na wengine wengi. Ni wimbo wa Kiswahili uliozunguka dunia kuliko karibu wimbo mwingine wowote. Lakini Adam Salim, Mtanzania, alishikilia kwamba yeye ndiye aliyeutunga, miaka ya 1940, kwa ajili ya msichana aliyeozwa kwa mwenye mali. Upande wa Kenya likatajwa pia jina la Grant Charo. Fadhili William alifariki 2001, na ubishi haukuzikwa naye. Simtuhumu mtu hapa. Nasema tu kwamba wimbo wenye thamani kiasi hicho haukuwa na karatasi ya siku ulipozaliwa, kwa hiyo kila anayeupenda analazimika kuchagua wa kumwamini.

PRODYUZA: Mzee mwandishi, umetupeleka mbali. Turudi kwenye laki mbili.

Alikuwa na haki ya kunikemea. Wakili akatoa simu yake akapiga hesabu. Hakimiliki ya utunzi Tanzania hudumu maisha yote ya mtunzi, na miaka 50 baada ya kufa kwake. Tuseme kijana ana miaka 22 na Mungu akamjalia afike 70. Hiyo ni miaka 48 ya uhai na 50 ya warithi, jumla 98. Gawa laki mbili kwa 98: shilingi elfu mbili na kidogo kwa mwaka. Nauli ya daladala kwenda na kurudi, na chenji ya maji.

PRODYUZA: Hesabu nzuri ya kutishia watu. Wimbo wa Bongo Flava unaishi miezi mitatu. Miaka 97 na ushee iliyobaki hiyo ni ya nani?

MENEJA: Asante!

WAKILI: Kama unaishi miezi mitatu, kwa nini unataka akuuzie miaka 98? Nunua mwaka mmoja. Nunua mitano. Mbona bei hiyo hiyo mnataka na ya wajukuu?

Kilipita kimya. Nadhani hilo ndilo swali ambalo upande wa wanunuzi hauna jibu lake, na ninakiri nililifurahia. Anayesema kitu hakina thamani ya kesho hana sababu ya kuking'ang'ania kesho yote.

MTUNZI: Sawa dada, lakini mimi ni mdogo. Nikianza kusema mwaka mmoja, mitano, staa anaondoka. Kuna watunzi hamsini nyuma yangu.

BI MKUBWA: Hao hamsini wangekuwa na wimbo anaoutaka, angekuwa yuko kwao.

MENEJA: Bi mkubwa yuko sahihi, na sipendi kukiri. Nikija kwako na hela mkononi, nimeshauamua moyo. Ningekuwa sijaupenda, nisingepoteza mafuta ya gari. Siku hiyo una nguvu kuliko unavyodhani. Ukishaimbwa kwenye biti na sauti ya msanii wangu, nguvu imehama.

Neno hilo limetoka kinywani mwa meneja, ndiyo maana nalipa uzito. Wasanii wasio na lebo hudhani nguvu itakuja baadaye, wakishajulikana. Kwa wimbo mmoja mmoja mambo ni kinyume: nguvu ya mtunzi iko juu kabisa kabla kipaza sauti hakijawashwa.

MTUNZI: Na nikiambiwa nisaini lebo kabisa? Niachane na kuuza moja moja?

WAKILI: Uliza mambo machache. Miaka mingapi, na nani ana uamuzi wa kuongeza? Wanachukua rekodi tu, au na shoo na matangazo ya biashara? Gharama zinakatwa kutoka fungu lako au kutoka kapu la wote, na nani anazihakiki? Kubwa kuliko yote, ukitaka kuondoka, mlango unagharimu kiasi gani? Msanii Harmonize alipotoka lebo ya WCB mwaka 2019 na kuanzisha yake, Konde Gang, alisema mwenyewe hadharani kwamba kuondoka kulimtaka shilingi milioni 500. Sisemi lebo ilikosea; ilimjenga na ilikuwa na mkataba. Nasema bei ya kutoka ilikuwa imeandikwa siku ya kuingia.

MENEJA: Na aliweza kuilipa kwa sababu ya jina alilolipata mle ndani.

WAKILI: Hilo nalo ni kweli.

PRODYUZA: Mimi nina la kwangu ambalo hakuna anayelisema. Mtunzi anakuja na melodia ya kuimbiwa kwenye simu. Biti ni yangu. Kiitikio nimekirekebisha mimi. Mnagawana asilimia kana kwamba mdundo umeota ukutani. Na mara nyingi studio nimelipwa nusu.

WAKILI: Ukilipwa ada kamili na mkaandika kwamba ada hiyo inanunua biti, umemaliza. Kama hujalipwa kamili, au umegusa melodia, dai jina lako kwenye utunzi. Ila udai siku hiyo hiyo, usingoje wimbo ukimbie.

PRODYUZA: Siku hiyo kila mtu yuko kwenye mzuka, dada. Ukitoa karatasi unaonekana mnoko.

MTUNZI: Braza, wewe ndiye mwenye studio. Bandika ukutani: hapa hairekodiwi bila majina. Mnoko itakuwa ni studio, siyo mtu.

Wazo la kijana lilitupita wote sisi wenye mvi. Studio ndicho kituo pekee ambacho kila wimbo lazima upite. Sheria iko Dodoma. Ofisi ya Hakimiliki ina kazi zake. Baraza la Sanaa, BASATA, lina vibali vyake. Zanzibar wana COSOZA yao. Hakuna hata mmoja wao anayekuwepo saa nane usiku kiitikio kinapobadilishwa. Prodyuza yupo. Wakenya walipoona miito ya simu inawaliza wasanii, waliandika ndani ya sheria, kwa marekebisho ya 2022, kwamba msanii asipate chini ya asilimia 52 ya mapato hayo. Ni hatua kubwa. Lakini hata hiyo 52 lazima iende kwa jina fulani, na jina hilo huandikwa, au husahaulika, studio.

Tukaamua kujaribu hapo hapo. Wakili akachana karatasi kwenye daftari, akaandika kwa Kiswahili, nusu ukurasa. Jina la wimbo na tarehe. Majina kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, na la kisanii pembeni. Nani katunga maneno, nani melodia, nani biti, na fungu la kila mmoja katika utunzi. Nani analipia rekodi, na fungu la mtunzi humo. Malipo ya leo, na kwamba hayafuti fungu. Ruhusa ni ya miaka mitano, msanii huyu, rekodi hii. Jina la mtunzi litajwe popote wimbo unapopandishwa. Akasema haki ya kutambuliwa kuwa mtunzi haihami kwa mtu mwingine wakati mtunzi yu hai, lakini kuiandika kunaondoa ubishi. Wote wapige picha karatasi na kuitumiana kwa simu kabla ya kutoka mlangoni.

Meneja aliisoma mara mbili. Laki mbili akashusha hadi laki moja na nusu, kwa hoja kwamba sasa kuna fungu. Mtunzi akakubali, haraka kuliko nilivyotaka. Kumi ya rekodi wakaishia nane, zikikatwa kwanza gharama za video, na gharama zenyewe zikawekewa kikomo, jambo ambalo Wakili alilishikilia kama kupe. Prodyuza akaandikwa kwenye utunzi. Yote hayo yalikwenda salama mpaka mstari wa mwisho.

MENEJA: Huu sitii saini. "Mtunzi aingizwe kwenye mgao ndani ya akaunti ya usambazaji kabla wimbo haujaachiwa." Akaunti ni ya ofisi. Siwezi kumfungulia kila mtu.

WAKILI: Humfungulii akaunti. Unaandika barua pepe yake tu. Hataona kingine zaidi ya fungu lake.

MENEJA: Nitamtumia mimi kila baada ya miezi mitatu. Kwa simu. Neno langu.

BI MKUBWA: Neno lako tumelisikia, baba. Tunataka la mashine.

MENEJA: Lazima nimuulize msanii.

MTUNZI: Muulize, bosi. Hiyo hela usiitume kwanza. Mpigie hapa hapa, na uweke spika.